Bunduki na Mkuki Katika Hatua Kumi

Ukitoka mjini Eldoret ukaifuata barabara iendayo Iten, huendi mbali kabla ya kufika Munyaka. Ni mtaa wa nyumba nyingi za mabati, wenye maduka, shule, makanisa, na vijana wa bodaboda wangojao abiria kando ya njia. Jina lake ni neno la Kikikuyu, na maana yake ni bahati. Mtoto aliyezaliwa hapo, akisikia ngurumo usiku, hujua kuwa ni lori linalopanda kwenda Iten, akageuka ubavu akalala. Nakuomba, msomaji wangu, uyasahau mabati na malori kwa muda mfupi, uione nchi hii kama ilivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Uwanda wa Uasin Gishu wakati huo ulikuwa bahari ya nyasi. Wamasai waliouachia jina lao walikuwa wamekwisha kutawanywa na vita vya karne ya kumi na tisa, na Wanandi walilishia ng'ombe wao pembeni mwake. Mwaka 1903 serikali ya Kiingereza iliwapendekezea Wayahudi wa Ulaya nchi hii iwe makazi yao. Wajumbe wao wakaja kuitazama mwaka 1905, wakarudi wasiitake. Mwaka 1908 likaja kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, familia zaidi ya arobaini, wakiongozwa na Jan van Rensburg. Walipanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakapita misitu na matope mpaka wakatokea penye jabali la Sergoit, ambalo liko upande huo huo wa barabara ya Iten. Mashamba yakapimwa na kupewa namba. Mji ukazaliwa penye shamba namba 64, na wenyeji wakauita Sisibo kwa kuitamka namba hiyo kwa ulimi wao, hata baada ya serikali kuupa jina la Eldoret mwaka 1912.

Na simba walikuwapo. Nyasi zilizolisha kongoni na pundamilia zililisha simba pia, na ng'ombe wa kukokota gari ni nyama iliyofungwa kamba.

Habari za miaka ile zimezoea kusimuliwa kwa namna moja. Husemwa kwamba mgeni alikuja na bunduki, mwenyeji alikuwa na mkuki, na kwa hiyo mambo yaliamuliwa kabla hayajaanza. Maneno hayo yana ukweli katika uwanja mpana, jua likiwaka, adui akiwa mbali. Lakini nataka uitazame bunduki hiyo hiyo katika hatua kumi, mahali ambapo mwindaji hana nafasi ya kufumba jicho wala kutazama alama za kulengea. Hapo utaona kitu kingine. Utaona kwamba nguvu ya bunduki ni umbali, na umbali ukiondolewa, bunduki yageuka kuwa aina ya mkuki.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haipendelei mtu. Simba anayeshambulia hukimbia kiasi cha kilometa 50 kwa saa, yaani karibu meta 14 kwa kila sekunde. Akitoka kwenye kichaka kilicho meta 30 mbele yako, una sekunde mbili na nukta chache. Akitoka hatua kumi, yaani meta nane hivi, huna hata sekunde nzima. Jicho la mtu na mkono wake vyahitaji kiasi cha robo ya sekunde ili mkono uanze kutii kile ambacho jicho limeona, na katika robo hiyo simba amekwisha kula zaidi ya meta tatu za umbali ule. Hesabu hii inamwachia mwindaji tendo moja tu, lifanyike vema au vibaya.

Sasa tuitazame bunduki yenyewe. Bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa ina alama mbili juu ya mtutu: nyuma pana pengo dogo, na mbele, karibu na mdomo, pana ncha au tone jeupe. Anayelenga kwa utaratibu huliweka tone lile katikati ya pengo, kisha huliweka juu ya kitu anachotaka kukipiga. Vitu vitatu, mstari mmoja. Lakini jicho la mwanadamu haliwezi kuviona vitu vitatu vilivyo katika umbali mbalimbali vyote kwa wazi mara moja. Likilitazama tone, mnyama huwa ukungu. Likimtazama mnyama, tone huwa ukungu. Mwenye nafasi hulihamisha jicho lake mbele na nyuma mpaka aridhike. Mwenye nusu sekunde hawezi, tena silika yote ya mwili humlazimisha kumtazama simba. Ni nani atakayemwacha simba ili atazame tone la chuma?

Huenda ukauliza, basi alama zile zina faida gani? Zina faida kubwa sana, ila si hapo. Chukua kosa dogo la kupotoka kwa mtutu, digrii moja tu. Katika meta 200, kosa hilo huipeleka risasi meta tatu na nusu kando. Utamkosa simba, na hata tembo utamkosa. Katika meta 100 itakwenda kando meta moja na robo tatu. Lakini katika hatua kumi, kosa lile lile huipeleka risasi sentimita 14 tu, na kifua cha simba bado kiko pale pale mbele yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuziacha alama akiwa karibu, lakini hawezi akiwa mbali. Jambo jingine dogo, ambalo wanaoanza hulisahau, ni kwamba alama ziko juu ya mtutu sentimita mbili, tatu au nne, na risasi hutoka chini yake. Katika hatua chache risasi hupiga chini kidogo ya pale jicho lilipoona. Kwa simba si neno; kwa mwenye kutafuta ubongo wa tembo kwa kipimo cha inchi, ni neno.

Fanya jaribio hili sasa hivi, maana halina hatari. Tazama msumari ukutani au pembe ya dirisha, macho yote mawili wazi. Bila kuutazama mkono wako, uinyoshee kidole haraka, kisha ukitulize. Sasa funga jicho moja utazame kidole kimeelekea wapi. Utastaajabu kuona jinsi kilivyokaribia. Hakuna aliyekufundisha, ulianza kunyosha kidole kabla hujajua kusema. Mwili una elimu yake, na elimu hiyo ndiyo aitumiayo mwindaji asiyetazama alama. Huyakaza macho yake juu ya mahali padogo pa mnyama, si mnyama mzima, na bunduki huja yenyewe begani kama kidole kinavyokuja.

Lakini bunduki si kidole. Kidole kimeota mkononi. Bunduki imetengenezwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mafundi wa Uingereza waliotengeneza bunduki za mitutu miwili kwa ajili ya Afrika na Bara Hindi waliwapima wateja wao kama mshonaji apimavyo suti: urefu wa mkono, upana wa bega, urefu wa shingo, na mahali shavu lilipolala juu ya kitako. Kusudi lao lilikuwa kwamba mwenye bunduki akiipandisha begani macho yake yamefumbwa, kisha akayafumbua, aikute imeelekea pale alipotaka. Bunduki ya namna hiyo ilikuwa na mitutu mifupi, uzito wake katikati ya mikono, na mitambo miwili iliyojitegemea, ili mmoja ukikataa mwingine ukubali. Risasi yake ilikuwa nzito, na kwa hatua kumi hakuna aliyeitaka iruke mbali. Alitaka isimame ndani ya mnyama.

Lakini hata bunduki iliyopimwa kwa mwili wako hukusaliti ikiwa mwili wako haujaizoea. Waingereza waliokuja kupiga tembo katika nchi hizi walikuwa wengi, lakini mmoja aliandika mengi juu ya jambo hili, naye ni W. D. M. Bell, ambaye wenzake walimwita Karamoja Bell. Misafara yake ilianzia Mumias, si mbali sana na uwanda wetu, ikaelekea Karamoja katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini. Aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake, nami sikutajii hesabu hiyo ili uisifu; wajukuu wa tembo hao wangekuwa hai leo. Nimemtaja kwa sababu aliwacheka walioamini kwamba bunduki kubwa ndiyo dawa. Yeye alipenda bunduki nyepesi yenye risasi ndogo. Alipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Na alipokuwa akitembea siku nzima, maili baada ya maili, aliibeba bunduki yake mwenyewe, akawa anaipandisha begani na kulenga hiki na kile bila kuweka risasi, mara nyingi kwa siku, mpaka bunduki ikawa kama kiungo chake. Mwindaji aliyempa mchukuzi bunduki yake asubuhi na kuipokea mnyama alipotokea alikuwa, kwa maoni ya Bell, mgeni wa bunduki yake mwenyewe.

Ukweli wa neno hilo ulionekana Tsavo mwaka 1898. Huko, kwenye ujenzi wa reli, simba wawili walikuwa wakiwavuta vibarua kutoka mahemani usiku. Mhandisi wa daraja, J. H. Patterson, aliahidi kuwaua. Siku moja aliazima bunduki nzito ya mitutu miwili kutoka kwa rafiki yake, akaamini kwamba sasa amepata silaha ya kufaa. Wafanya kazi walizunguka kichaka wakipiga makopo na madebe, na simba akatoka mbele yake, kiasi cha hatua kumi na tano. Patterson akafyatua, bunduki ikatoa mlio mdogo wa chuma, na risasi isilipuke. Angalia kilichofuata. Alikuwa na mtutu wa pili wenye risasi nzima, lakini alishtuka hata akausahau. Akaishusha bunduki ili aijaze upya. Alipokumbuka, simba alikuwa amekwisha geuka kukimbia, na risasi ya pili ikamjeruhi tu. Bunduki ilikuwa na akili mbili, lakini mwili wa mwenye kuishika ulikuwa umejifunza moja.

Simba wa kwanza alikufa usiku wa tarehe 9 Desemba. Patterson alikaa peke yake juu ya kichanja cha miti minne kilichotikisika, chini yake mzoga wa punda. Simba hakumjali punda. Kwa muda wa saa mbili alimzunguka mtu. Katikati ya kungoja kule bundi akaja akampiga Patterson kisogoni, akidhani labda ni tawi, na nusura mhandisi aanguke kwa hofu. (Naipenda habari hii ya bundi, yaonyesha kwamba hata shujaa wa kitabu ana kisogo kama sisi.) Mwishowe alikiona kivuli katika nyasi, akafyatua, kisha akaendelea kufyatua kuelekea ulikotoka mngurumo mpaka ukanyamaza. Gizani alama za bunduki hazikuwa na msaada mkubwa. Masikio yake yalikuwa yamechukua kazi ya macho.

Wa pili alikufa tarehe 29 Desemba, na kifo chake kina funzo ambalo vitabu vya uwindaji havilitilii mkazo wa kutosha. Simba alijeruhiwa, wakamfuata kwa damu, akageuka akawashambulia. Patterson alipiga risasi zake, kisha akanyosha mkono nyuma kupokea bunduki ya pili kutoka kwa mchukuzi wake, Mahina. Mkono ukakuta hewa. Mahina alikuwa amekwisha panda juu ya mti pamoja na bunduki. Patterson naye akaparamia, akaipata bunduki ile mtini, na simba akauawa. Patterson aliandika kisa hicho kwa kumcheka kidogo mtu wake. Mimi simcheki. Wewe ungekaa hapo, ukiwa na bunduki ambayo si yako na ambayo huruhusiwi kuipiga, kumlinda mtu ambaye amekuajiri kwa senti chache? Katika mfumo ule wa uwindaji mwenye jina alisimama mbele na mwenye ujira alisimama hatua moja nyuma, ndani ya hatua zile zile kumi. Simba hakuwatofautisha.

Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipowinda Afrika ya Mashariki mwaka 1909 aliwataja wachukuzi wake wa bunduki kwa majina, Bakari na Muhamed, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Roosevelt ni mfano mzuri kwetu, kwa sababu hakuwa mpiga shabaha hodari, naye alikiri. Macho yake yalikuwa mabovu. Jicho la kushoto lilikuwa limepofuka kwa sababu ya pigo la ngumi, na alisafiri na miwani mingi ya akiba. Katika msitu wa Mlima Kenya alimpiga tembo dume kwa mitutu yote miwili. Kabla hajapata nafasi ya kujaza, tembo mwingine akatoka katika majani, karibu kiasi cha kumgusa. Roosevelt alikuwa na bunduki bora sana mkononi, kazi ya mafundi wa London, na wakati huo haikuwa na thamani kupita gogo. Aliyemwokoa ni mwenzake R. J. Cuninghame, aliyepiga mara mbili na kumgeuza yule tembo.

Wengine hawakuwa na Cuninghame. Mwanzo wa mwaka 1911, George Grey, ndugu yake waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alimfukuza simba kwa farasi katika mbuga zilizo kusini-mashariki ya Nairobi. Alikuwa mtu jasiri mwenye kuzoea pori. Alisogea karibu mno, akashuka, na simba akaja. Grey hakukosa shabaha. Risasi zake zilimpiga simba. Lakini zilikuwa nyepesi na za mbio, zikavunjika-vunjika zisipenye, na simba akamfikia. Alifariki hospitalini Nairobi siku chache baadaye. Kulenga vema katika hatua chache hakutoshi, basi, ikiwa kitu ulichokitupa hakiwezi kumsimamisha anayekuja. Wenye mikuki walilijua jambo hilo tangu zamani, wakaufanya mkuki wao uwe mzito.

Na sasa turudi kwenye uwanda wetu. Mwezi wa Novemba 1909 Roosevelt alifika Sergoit, na huko aliona jambo ambalo, kwa kusoma maandishi yake, nahisi lilimgusa kuliko simba wote aliowapiga mwenyewe. Kundi la vijana wa Kinandi lilikuwa limekuja kuwinda simba kwa mikuki. Wenye farasi walimtafuta simba dume wakamzuia asikimbie, kisha wakajitenga, bunduki zao zikiwa kimya. Wanandi wakaja mmoja mmoja, wakapiga magoti nyuma ya ngao zao za ngozi, kila mmoja akiwa na mkuki mmoja, mpaka mviringo ukafungika. Simba akatazama huku na huku akitafuta penye mwanya. Mviringo ulizidi kupungua. Akachagua mtu mmoja, akamrukia.

Mtu yule hakukimbia. Mkuki wake uliondoka mkononi simba akiwa karibu kumfikia, ukaingia. Simba akamwangusha na kumtia kucha na meno, na kabla hajafanya zaidi mikuki ya wenzake ikamjaa mwilini. Yote yalikwisha katika muda mfupi kuliko unaohitajika kuyasimulia. Simba alikuwa amekufa, na mtu alikuwa na majeraha, lakini hai.

Hebu linganisha. Mkuki hauna alama ya kulengea. Hakuna pengo la nyuma wala tone la mbele. Kijana yule alikuwa amekaza macho yake juu ya mahali padogo pa mnyama, na mkono ukafuata, kwa elimu ile ile ya kidole chako na msumari wa ukutani. Ngao yake na mkuki wake vilikuwa vimepimwa kwa mkono wake, naye alikuwa amevibeba mwenyewe kila siku tangu ujana wake; hakuvipokea kutoka kwa mchukuzi asubuhi ile. Bell aliyeutembeza mtutu wake maili nyingi ili uwe kiungo chake alikuwa akijitahidi kufikia pale ambapo kijana wa Kinandi alikuwa amekwisha fika. Na kwa jambo moja Wanandi waliwapita wawindaji wa bunduki. Mkuki wa pili wa Mnandi ulikuwa mkononi mwa ndugu yake, na ndugu yake hakuwa mtini.

Jambo hili halikuwa mchezo wa kuwafurahisha wageni. Wanandi walikuwa wamelitumia katika vita. Kwa muda wa miaka kumi, tangu 1895 mpaka 1905, walipigana na serikali ya Kiingereza, na Waingereza walipeleka majeshi dhidi yao mara kwa mara wakiwa na mizinga ya bombom iliyomwaga mamia ya risasi kwa dakika. Wanandi walikuwa na mikuki na ngao. Siri yao ni ile tuliyokwisha isema: walijitahidi kuuondoa umbali. Walishambulia usiku, walivizia misituni na katika magenge, waliingia ndani ya misafara kabla mizinga haijaelekezwa. Ndani ya hatua kumi, gizani, bombom halina haki zaidi ya rungu. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na waya za simu na misumari yake ikageuzwa mapambo na vichwa vya silaha. Haikuwezekana kuwashinda Wanandi karibu. Na mbali walikuwa hawaonekani.

Kiongozi wao alikuwa Orkoiyot, Koitalel arap Samoei. Mwezi wa Oktoba 1905 jeshi kubwa lilikusanywa kuwashambulia. Kabla jeshi hilo halijaanza kazi yake, afisa mmoja, Kapteni Richard Meinertzhagen, alipeleka habari kwamba ataka kukutana na Koitalel kwa mazungumzo ya amani. Walikutana tarehe 19 Oktoba 1905, asubuhi, katika vilima vya Nandi. Koitalel alikuja na watu wake wachache. Meinertzhagen alikuja na askari wake. Walisogeleana. Zile hatua kumi zikawa tano, zikawa mbili, mpaka wakafika umbali wa kupeana mikono. Hapo Koitalel alipigwa risasi akafa, na zaidi ya watu ishirini waliokuwa pamoja naye wakauawa.

Afisa alisema kwamba alikuwa ametegewa, na kwamba alijilinda. Wanandi walisema, na wanasema hata leo, kwamba mkono uliotolewa kwa amani ulijibiwa kwa risasi. Mabaraza matatu ya kijeshi yaliichunguza habari hiyo, yakamwachilia. Lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hii, na wengi wa wenzake mwenyewe hawakuridhika na maelezo yake. Mimi nina maoni yangu. Mtu ambaye kazi yake ni kumpiga adui kwa umbali, akiwa na jeshi zima nyuma yake, hakuwa na sababu ya kwenda mpaka kwenye umbali wa mkono ila alijua kwamba huko hakuna awezaye kukosa. Wewe soma, upime, ufanye maoni yako.

Upinzani ulivunjika baada ya siku ile. Wanandi waliondolewa katika sehemu ya nchi yao, wakafungiwa ndani ya mipaka, na miaka mitatu baadaye magari ya Makaburu yalipita penye nyasi zilizokuwa wazi, yakaelekea Sergoit. Kwa hiyo vijana waliomzingira simba mbele ya Roosevelt mwaka 1909 walikuwa watu walioshindwa vita miaka minne tu iliyopita. Alipowasifu kwa ujasiri wao, aliwasifu chini ya bendera iliyowashinda, katika nchi ambayo tayari ilikuwa inapimwa na kupewa namba.

Simba wa uwanda huo walikwisha haraka. Ngano na mahindi vilichukua mahali pa nyasi. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Mwaka 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama katika nchi nzima, na zile bunduki za mitutu miwili zilizopimwa London kwa mabega ya watu waliokwisha kufa zikawa mali ya minada na makabati ya vioo.

Fimbo tatu za Koitalel zilikaa Uingereza karibu miaka mia moja, zikiwa zimetunzwa na ukoo wa yule afisa. Mwaka 2006 zilirudishwa Kenya. Ni vijiti vya mti vya kawaida, vya kushikwa mkononi, na aliyekuwa akizishika alikuwa karibu kiasi cha kuguswa.